Chupa Iliyolala na Samaki

Kisumu, 14 Machi 1989

Kaka Joram,

Wewe na shemeji hamjambo? Huku mvua imeanza na Mama ni mzima.

Unaikumbuka ile chupa yangu ya maabara, yenye shanga laini zinazonasa kingamwili kwenye damu na kuacha mengine yapite. Mimi niliyeanza hapa nikifagia, nimezitumia na kuziosha mara thelathini na nane bila kosa. Zinataka baridi, lakini zikiganda zinapasuka.

Sasa wewe ukamwandikia Mama kwamba unatamani samaki, ngege wa Usenge. Akawanunua, akakosa basi la kuwatuma Nairobi, akaja kuwalaza kwenye friji yetu ya maabara nikiwa kliniki. Alipoona chupa iko chini, akaipandisha kwenye sehemu ya barafu, kando ya samaki.

"Nimekuokolea dawa yako, baba," akaniambia.

Jana shanga zilinasa miligramu kumi na moja. Zilikuwa zinanasa mia mbili.

Daktari mkuu wa maabara akauliza, "Bwana Ouma, nani alifanya hivi?"

Nikasema ni mimi. Ningeandika jina la Mama kwenye ripoti? Kazi yangu inaisha Ijumaa. Yeye hajui, na usimwambie.

Niandikie tu kama samaki walifika wakiwa wazuri.

Ndugu yako,
Ouma