Nani Alikujibu "Limekaa"?

Mtani wangu Kondo,

"Marehemu kajiua kwa uzembe. Aliingia chini ya basi bila kuweka magogo." Hayo ni maneno ya meneja wako wa gereji. Aliyasema msibani kwako Isevya, amekalia mkeka wako, anakula wali wa matanga yako. Ni uongo. Wewe huna haja ya kuelezwa, lakini barua hii nitaisoma mbele ya watu, kwa hiyo naeleza.

Basi lile halina springi za chuma. Linakaa juu ya mifuko ya upepo, na karibu na ekseli ya nyuma kuna vali yenye fito ya chuma. Bodi ikishuka, fito inafungua upepo uingie. Ikipanda mno, inautoa. Sasa lilikuwa limelalia kushoto kama mzee mwenye kiuno kibovu, na wageni wa serikali walikuwa njiani. Meneja akataka fito ifungwe waya tu, basi lisimame.

"Wageni hawachungulii chini, Kondo."

"Na abiria je, mzee?"

Nilikuwepo, nimekuletea karanga. Nilicheka. Yeye hakucheka, na uso ule sijausahau.

Wewe hukuwahi kugusa fito kabla ya kuweka magogo ya mninga kati ya ekseli na chesisi, maana upepo ukitoka, bodi yote inashuka. Uliyachonga mwenyewe, ukanitania kwamba babu zetu Wanyamwezi walibeba pembe mpaka pwani kwenu Uzaramo, leo gogo moja linatutoa jasho. Na kwa kuwa yanakaa nyuma ya tairi, anayeingia ubavuni hayaoni. Ndiyo maana uliweka desturi: kabla ya kuingia unaita, "Limekaa?" Aliye nyuma anainama, analipiga gogo kofi, ndipo anajibu, "Limekaa!"

Siku ile uliyaweka asubuhi. Mlinzi aliyaona, ameniambia. Ukaenda stoo kutafuta bushi ya fito. Uliporudi uliita kama kawaida, na mlinzi anaapa alisikia sauti ikijibu, "Limekaa, ingia!" Ukaingia. Ukalegeza fito.

Nashindwa kuandika yaliyofuata. Nilifika wakikutoa. Kofia yako ilikuwa safi, Kondo. Safi kabisa.

Magogo yalikwenda wapi? Nimeyaona kwa macho yangu. Yako chini ya jukwaa la wageni. Uwanja wa gereji una mteremko, jukwaa likayumba, mtu akaagiza litegemezwe upesi. Mninga wenye grisi, wenye alama za tezo lako. Viti vya wakubwa vilikaa sawasawa. Tunaimbiwa kila siku kwamba mfanyakazi ndiye mwenye nchi hii; basi mwenye nchi alinyang'anywa gogo ili mgeni asitikisike akinywa soda.

Sisemi walikusudia kukuua. Nasema wanajua.

Makaburini nililizuia jeneza, kama mtani. Watu wakacheka, wakadhani nadai kuku. "Mpeni jogoo huyu Mnyamwezi, atuache tuzike!" Nikauliza: nani aliondoa magogo? Kicheko kikakatika. Dereva wa basi lile akatazama viatu vyake. Meneja akamhimiza shehe asome haraka.

Tangu hapo nikipita gereji mafundi wananisalimia mpaka kupitiliza, "Shikamoo, shikamoo mwalimu," kisha wanashika spana ambazo hazina kazi. Meneja amempelekea mkeo Tatu sukari, mara mbili, wakati mji mzima unakunywa chai ya chumvi. Asiye na kosa ana huruma ya namna hiyo? Tatu ameirudisha. Anachotaka ni jina lako lisafishwe, watoto wasikue wakiambiwa baba yenu alikuwa mzembe.

Na basi bado limelala kushoto. Wameleta fundi mpya kutoka Urambo, kijana mpole, kapewa kazi ileile. Jukwaa halijabomolewa, eti wageni wengine wanakuja.

Lala salama, mtani. Sina wa kunitukana tena, na mji umekuwa kimya vibaya. Nakuahidi sitanyamaza, hata wakiniita mchochezi, hata wakinihamishia shule ya porini.

Na ninyi mafundi wa gereji mliokuwa zamu siku ile, nazungumza nanyi sasa. Mmoja wenu alijibu bila kuinama. Ijumaa baada ya swala, aje barazani kwa Tatu, aseme mbele yake nani aliamuru magogo yaondolewe. Akimwogopa meneja, aje nami. Lakini kuna jambo lisilongoja Ijumaa: bomoeni jukwaa lile leo, mchukue magogo, na mpaka yawe mahali pake, mtoeni kijana wa Urambo chini ya basi.