Alhamisi Ni Zamu ya Kiende

S.L.P. 61,
Nkubu, Meru.
Jumapili, 8 Machi 1987

Mpendwa Shangazi Cicily,

Pokea salamu zetu sote. Mguu wako unaendeleaje na hilo joto la Kiambere? Sisi tuko wazima. Wanja wangu ameota meno mawili, sasa ananiuma akinyonya. Baba yake hajambo.

Shangazi, moyo wangu hautulii. Uliponiletea mdogo wangu Kiende, uliniambia nisimfiche nyumbani ati kwa sababu akili yake ni ya polepole. Basi nikamwandikisha kwa kikundi chetu cha akina mama, tunafundishwa kuotesha miche ya mukima, ile miti ya mbao na kivuli. Kila Alhamisi mwalimu huinua mtu mmoja arudie somo la wiki iliyopita. Kiende ameinuliwa mara mbili. Anasimama, anatazama vidole vyake, wengine wanaanza kucheka, na mimi haraka haraka namjibia.

Alhamisi iliyopita mwenyekiti, Mama Misheck, akanikata. "Felicitas, kama wewe ndiwe mdomo wake, yeye huja kufanya nini? Akae jikoni atuchemshie chai." Wakacheka. Kiende pia akacheka, hakujua ni yeye anasemwa. Nilirudi nikilia njia nzima.

Nilimfuata mwalimu nikamwomba Kiende asiulizwe kwa maneno, apewe mche aonyeshe kwa mikono. Alikubali. Lakini Mama Misheck amesema Alhamisi hii ndiyo ya mwisho, akishindwa ni jikoni.

Tangu hapo namfundisha kila siku. Nikimuuliza, kimya. Jana nikachoka, nikachukua mche nimwonyeshe mwenyewe, nikaushika kwenye shina. Kiende akanigonga mkono, akaninyang'anya, akaushika kwa jani na kuutia polepole kwenye karatasi ya plastiki iliyojazwa udongo.

"Jani, Mama Wanja," akasema. "Shina linavunjika."

Ndivyo mwalimu alivyotufundisha. Mimi ndiye nilikuwa nimesahau.

Kwa hivyo Shangazi, sasa ninayemwogopa ni mimi mwenyewe. Kiende huchukua muda, na kile kimya chake mbele ya watu hunishinda kuvumilia. Alhamisi ukienda shambani, niombee nifunge mdomo mpaka amalize.

Nisalimie Mzee Kivuti na Rwamba. Kiende anasema anakusalimia wewe na mbuzi wako wote. Mungu akuponye huo mguu.

Ni mimi mtoto wako, nikupendaye sana,
Felicitas