Kiti Kilichokuja na Kamera

3 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini u mzima, ukiacha hiyo miguu inayotutesa sote. Mimi huku sijambo. Mama, ule ukurasa wangu wa kusaidia wahitaji umekua. Wanaonifuatilia mtandaoni sasa ni umati. Nimeona aibu kuwasaidia watu baki huku wewe unajiburuta sakafuni toka kitandani hadi kwenye cherehani. Wiki ijayo nakuletea kiti cha magurudumu. Kipya, mama! Utakwenda sokoni kuchagua vitambaa mwenyewe.

Mwanao, kitindamimba.

9 Machi

Kitindamimba wangu,

Marahaba, baba. Mimi sijambo, miguu ndiyo imegoma, mikono bado inadai kazi. Barua yako nimemsomea jirani mpaka ameikariri, maskini, sasa akiniona anakimbia. Kiti nimekishonea mto wa vipande vya sare za shule, bluu na kijani, ukingo mwekundu. Nami nimejishonea gauni lenye kola ya lesi, nisije nikakutia aibu mbele ya wenzako. Nguo za wateja zitachelewa kidogo, watanisamehe. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mama yako.

21 Machi

Mama,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mama, ile video tuliyokurekodi nilipokuja imetikisa mtandao! Watu wamelia. Wanakutumia mioyo na maua, hata walio ng'ambo. Najua hukupenda kuvua gauni lako jipya, ila ungeonekana mtu mwenye uwezo wake. Lile chakavu unalofutia mafuta ya cherehani ndilo lililowagusa. Na pale sakafuni tulikukalisha kwa sababu ya mwanga tu, usiweke moyoni. Kiti tulichoondoka nacho kiko kwa fundi, breki zinarekebishwa. Vuta subira.

Mwanao akupendaye.

17 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo unauma, na leo sifichi, moyo unauma zaidi. Jirani kanionyesha simu yake. Kuna mzee kakalia kiti, wewe umepiga magoti pembeni unafuta machozi. Nikamwambia jirani aikuze ile picha. Bluu, kijani, ukingo mwekundu. Mto wangu, baba! Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Wewe umetenda wema ukaenda zako na kiti.

Hilo ningelimeza. Lakini mama mwenye duka la sare kaja kuchukua vitambaa vyake. Kaniletea sabuni, kanishika mkono, kasema, "Pumzika mama, hatukujua hali imefika huku." Mwalimu naye kachukua vyake, na mapadri ninaowashonea kanzu wamefuata. Wananionea huruma wote, na hakuna anayenipa kazi. Tangu ujana wangu hapa mtaani naitwa fundi. Sasa naitwa yule mgonjwa wa kwenye simu.

Nakuomba jambo moja tu. Waambie watu wako kwamba mama huyu anashona. Kiti baki nacho, nirudishie wateja wangu.

Mama yako.

2 Mei

Mama mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa mgongo. Kiti ni cha taasisi yetu ya misaada, mama, kinazunguka ili kihamasishe wengi. Usiwe mchoyo wa baraka. Hilo la kushona siwezi kulisema sasa hivi. Kuna mtu kakupiga picha umekaa dirishani unashona, kaiweka mtandaoni, watu wanatuita matapeli. Tafadhali usikae tena dirishani, angalau mpaka nirekodi sehemu ya pili. Watu wana kiu ya habari zako. Jumapili nakuja na wapiga picha. Vaa lile lile la siku ile.

Mwanao.

8 Mei

Bwana mwenye ukurasa,

Salamu zako zimefika. Hali yangu ukitaka kuijua, waulize wanaokutumia mioyo.

Picha ya dirishani, mpigaji nilimwita mwenyewe. Nilivaa gauni la kola ya lesi, nikasogezewa cherehani mwangani. Kazi ya mtu sikuwa nayo. Nilichukua kipande cha kitambaa nikakishona, nikakifumua, nikakishona tena, ili wapitao waone mkono unazungusha gurudumu. Mpaka leo hajaingia mteja. Sitoki dirishani.

Jumapili usije. Ndani ya kifurushi hiki kuna lile gauni chakavu, nimelifua. Mama wanayemlilia watu wako ndiye huyo, mimi simo ndani yake. Ukikosa wa kumvalisha, livae wewe.

Nilikuwa na mtoto aliyekuwa akinitungia uzi kwenye sindano kabla hajajua kusoma. Ulimi nje, jicho moja kafumba. Ukikutana naye huko mjini, mwambie mlango wake uko wazi, ila aje mikono mitupu.

Fundi cherehani.