Shilingi ya Simba Niliyoitoa Kanisani

Mpendwa Mama Nakhumicha,

Ninakuandikia kwa sababu wewe hunijui, na wale wanaonijua siwezi kuwaambia. Nisaidie kabla ya Jumamosi.

Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu katika shule ya kutwa hapa Kitale. Si mtu wa maneno mengi, darasani nikiulizwa swali jibu ninalo lakini sauti inakwama, na nyumbani wananiita Profesa kwa kunichokoza kwa sababu hata nikikoroga uji nina kitabu mkono wa pili. Kitu ninachopenda kuliko vyote ni sarafu za zamani. Guka, babu yangu, aliniachia senti kumi mbili zenye tundu katikati, na tangu hapo nimesoma kila ninachopata kuhusu pesa zilizotumika Afrika Mashariki kabla ya uhuru.

Likizo ya Agosti nilienda Bungoma kwa Anti Mukami, dadake mama, ambaye ameolewa huko, na Alhamisi moja tukapita mahali palipokuwa na mnada, wakiuza vitu vya duka la zamani ambalo mwenyewe alikuwa amefariki. Kulikuwa na mizani, cherehani, madebe ya chai, na mkebe wa tumbaku wenye shilingi nne za zamani, upande mmoja mfalme mwenye taji, upande wa pili simba na milima nyuma yake. Nilikuwa nimeziona vitabuni tu. Nilikuwa na elfu tano na kidogo, pesa za sungura niliofuga miaka miwili.

Dalali alikuwa akipiga kelele, "Hizi si sarafu, ni historia! Mwaka ulioandikwa hapa haupatikani tena hata mkichimba! Elfu mbili nani?" Mwanamume mwenye kofia ya kahawia akasema elfu mbili mia tano, mimi nikasema elfu tatu, yeye tatu mia tano, na kila nilipotaka kunyamaza aliniangalia kama mtu anayenihurumia, basi nikaongeza.

Mama, lazima nikueleze jambo moja ili unielewe. Minada niliyokuwa nikiijua ni ya kanisani tu. Kwetu Jumapili ya mavuno watu wakishatoa kabichi na majogoo na magunia ya mahindi, vitu vinanadiwa pale nje, na anayepandisha bei anapigiwa makofi, na aliyenunua kabichi kwa elfu moja anairudisha iuzwe tena, na hata ukibaki peke yako unaongeza, kwa sababu unamwongezea Mungu. Kwa hivyo yule wa kofia alipoishia elfu nne na mimi nikasema nne mia tano, hakukuwa na mtu mwingine, lakini niliona aibu kuchukua kitu cha marehemu kwa bei ndogo na watoto wake labda wako pale, nikasema tena, "Elfu tano."

Dalali aliuacha mkono hewani. "Heh! Dada anashindana na yeye mwenyewe! Jamani, nani amsaidie kumshinda?"

Watu walicheka. Yule wa kofia akajipiga paja. "Muuzie haraka, bana, kabla hajafika kumi!"

Nilipewa risiti imeandikwa "vitu mbalimbali". Tukiondoka nilimwona mtu wa kofia akibeba cherehani kuipakia kwenye pikapu ya dalali, nikafikiri ni mtu mwema anayesaidia.

Jumapili ya kwanza ya Oktoba ilikuwa ya mavuno, na mimi sina shamba wala kuku, nikatoa shilingi moja, ile nzuri kuliko zote, yenye mkwaruzo mdogo chini ya sikio la mfalme. Mkwaruzo huo nilikuwa nimeuchora kwenye daftari langu kwa sababu niliupenda, niliona kama alama ya kuzaliwa. Pasta aliniita mbele nieleze, na kwa mara ya kwanza maishani sauti ilitoka, nikawaambia kuhusu mfalme na simba na fedha iliyochanganywa na shaba, na watu wakanisikiliza. Mzee Mbogo, mzee wa kanisa letu, aliinunua kwa elfu kumi na nane. Mzee Mbogo ndiye aliyenizungukia ofisi za basari kuniombea karo mpaka nikabaki shuleni. Akasema, "Kabichi nitarudisha, hii sirudishi ng'o!" Mama yangu akapiga vigelegele.

Wiki mbili baadaye tulikuwa maabara ya fizikia tunasoma sumaku. Joy, ninayeketi naye, alikuwa akicheza, akapitisha sumaku juu ya mkebe wangu wa jiometri akivuta pini, na zile shilingi tatu zilizobaki zikaruka zikashika. Akacheka. "Profesa, si ulisema ni fedha? Fedha inashikwa na sumaku?" Mimi sikucheka. Tulipobaki wawili nilizipima kwenye mizani ya maabara. Kitabu kinasema ya kweli ni karibu gramu saba nukta nane. Zangu zilikuwa sita na nusu, zote tatu. Kisha nikaziweka karibu na dirisha nikatazama chini ya sikio la mfalme, jambo ambalo sikuwahi kulifanya kwa zile tatu, na kila moja ina mkwaruzo ule ule, mahali pale pale, urefu ule ule. Nikafungua daftari nikatazama mchoro wangu. Zote nne zilimiminwa kwenye kalibu moja.

Joy aliniambia, "Wewe nyamaza. Ulitoa, hukuuza. Mungu mwenyewe alipokea, watajuana na Mzee."

Ningejaribu kunyamaza, lakini Jumapili iliyopita baada ya ibada Mzee Mbogo aliniwekea mkono kichwani mbele ya watu akasema, "Huyu mtoto ameniletea baraka. Ng'ombe wangu si alikufa Julai? Sasa kuna mtu Endebess anaitwa Ndung'u, ananipa mtamba mwenye mimba, mimi nampa shilingi ya simba. Hata hakuuliza maswali! Nilimwambia imetoka madhabahuni, akasema hiyo inatosha." Mtamba analetwa Jumamosi saa nne asubuhi.

Mama, tangu siku hiyo ninahesabu siku za kufika Jumamosi. Mzee Mbogo ni mtu mwema lakini akidanganywa hasamehi upesi, mwaka jana kijana aliyetia maziwa maji alisimamishwa mbele ya kanisa zima akatajwa jina lake na la babake. Nikisikia gari limesimama nje ya shule nafikiri ni polisi. Mwalimu akiita jina langu tu, hata kama ni kurudisha daftari, nadhani amejua. Nimefikiria kuzitupa zile tatu chooni, lakini ya nne iko kwa Mzee na ina alama ile ile. Nimefikiria kumwandikia huyo Ndung'u barua bila jina, nikaogopa ataona Mzee ndiye mwizi. Nikisema, nitaaibisha wazazi wangu na kanisa na Mzee aliyenisomesha. Nikinyamaza, mtu wa Endebess atapoteza ng'ombe, na siku atakapogundua atamshika Mzee Mbogo, si mimi. Nifanye nini? Nimeandika namba ya simu chini, ni yangu, si ya mama. Tafadhali usipige. Andika.

Profesa Mwoga,
Kitale

MAMA NAKHUMICHA ANAJIBU:

Mtoto wangu, nimekuandikia kama ulivyoomba. Jibu hili nakutumia leo Jumanne kwenye simu yako. Gazetini litatoka baada ya wiki tatu, na majina nitayabadilisha, kwa hivyo punguza woga mmoja hapo.

Nianze na lile litakalokuuma. Ulikwenda sokoni na roho ya kanisani. Kanisani bei inapanda kwa sababu watu wanatoa. Kule Bungoma bei ilipanda kwa sababu mtu wa kofia aliwekwa pale aipandishe, na wewe ukamsaidia kazi. Mtu anayeshindania kitu kisha anabeba cherehani kuipeleka kwenye gari la dalali si msamaria, ni mwenzake. Mnunuzi akija mnadani anafika mapema, anashika kitu, anakipima, anauliza kilitoka kwa nani, anaweka bei yake kichwani na ikipitwa anaenda nyumbani kunywa chai. Risiti inaandikwa "shilingi nne za fedha za mwaka fulani", na dalali akikataa kuandika hivyo, amekwisha kukujibu. Wewe umesoma vitabu vyote hivyo na sumaku ya shilingi hamsini hukuwa nayo! Sawa. Umekosa kama wanunuzi wazima wenye ndevu wanavyokosa kila wiki, nao hawaniandikii, wanaona aibu.

Lakini ulipoitoa ile shilingi hukujua. Pasta hakujua, Mzee hakujua. Mpaka siku ya maabara hakuna mwongo hata mmoja katika kanisa lenu. Mimi si wakili, ila hili sihitaji wakili kuliona: tangu siku ile ya sumaku, anayejua ni wewe. Na huyo rafiki yako Joy anacheka vizuri lakini ushauri wake ni mbovu. Mungu hakupokea shilingi, alipokea nia yako. Shilingi ilipokelewa na Mzee Mbogo, na sasa inakwenda kwa mtu ambaye hata hakuiangalia, kwa sababu alitajiwa madhabahu. Ndung'u anatoa ng'ombe kwa kuliamini kanisa lenu. Fikiria hilo vizuri, halafu uniambie aibu kubwa iko wapi.

Unaogopa kwamba Mzee atakusimamisha mbele ya watu. Yule kijana wa maziwa alikamatwa, hakuja mwenyewe. Mzee akigundua kutoka kwa Ndung'u, mbele ya jamaa za Ndung'u, ng'ombe akiwa tayari amefungwa kwake, hapo ndipo jina lake litatajwa hadharani, na hatasahau nani alimpa ile sarafu. Akisikia kutoka kwako kabla, atakasirika, huenda akakasirika sana, lakini atabaki mtu mwaminifu. Wewe ndiwe wa pekee unayeweza kumwachia hilo, na una siku nne.

Kwa hivyo usitupe kitu chooni. Usiandike barua isiyo na jina. Zile tatu ziweke kwenye bahasha pamoja na risiti na daftari lenye mchoro. Leo jioni mwambie mamako, peke yake, kabla ya babako. Usianze na "nimefanya kosa kubwa", utamtia wazimu kabla hajakusikia. Anza na, "Ile shilingi niliyotoa si ya kweli, nimegundua kwa kupima." Mpe sumaku aone mwenyewe. Akipiga kelele, mwache apige, kisha muombe mwende wote wawili kwa Mzee kesho, nyumbani kwake, si kanisani, na si kwa simu.

Hizo elfu kumi na nane ziko kanisani, usizibebe wewe. Usiahidi kuzilipa, huna, na ahadi ya mtoto aliyeogopa humsumbua kila mtu. Kama Mzee atazihesabu kuwa sadaka au ataenda kuongea na wazee wenzake, hilo ni lake na la kanisa. Ya Bungoma, waache wazazi wako na huyo Anti Mukami waende polisi na risiti na zile sarafu, waeleze kuhusu dalali na mtu wa kofia. Pesa huenda zisirudi. Lakini kuna watu wengine watakaosimama mbele ya mkebe wa tumbaku kama ule mwezi ujao.

Kuhusu sauti yako kukwama: itakwama. Najua, nami nilikuwa hivyo umri wako. Basi andika maneno haya kwenye karatasi, na ukifika kwa Mzee usijaribu kueleza, soma tu: "Mzee, shilingi niliyotoa ni bandia. Sikujua wakati ule, sasa najua. Nimekuja kabla ya Jumamosi ili usimpe mtu." Ukimaliza mpe bahasha, unyamaze, na usilie mpaka atakapoongea.

Sasa weka simu chini. Nenda ukamwite mama.