Nimemwandikia Furaha

Umbilo, Jumanne jioni

Sijui kwa nini barua za watu waliokufa zamani zimenigusa hivi. Leo darasani tumesoma za marafiki wawili wa Marekani, enzi ilipokuwa ndiyo kwanza imejitawala. Walipigania uhuru pamoja, kisha siasa ikawagombanisha, wakanuniana miaka mingi. Mmoja ndiye aliyeanza tena, kwa barua fupi ya kumjulia mwenzake hali. Siasa hakuigusa.

Nikamfikiria Furaha. Tulikua mtaa mmoja Bukavu, tukafika Durban pamoja, na uchaguzi wa kule nyumbani ndio uliotutenganisha. Nikipita saluni yake pale Point, najifanya natazama simu.

Kwenye teksi ya kurudi nimemwandikia: "Furaha, mama anaendeleaje? Mguu bado unamsumbua?" Basi. Nikaogopa. Asiponijibu je...

Amenijibu kwa ujumbe wa sauti, mashine ya kukaushia nywele ikivuma nyuma yake. "Mama iko muzuri. Anakuulizaka kila siku, nakosa ya kumwambia. Kuya samedi tukule fufu. Lakini kura yangu ni ya yule yule."

Nimecheka peke yangu chumbani. Yangu pia haijabadilika. Jumamosi nakwenda.