Lundo Bado Lina Moto

Namakkal, 2 Februari

Mwanangu Sellamuthu,

Hujambo huko kwenye baridi? Kifua kimepona? Sisi tu wazima, ila goti la mama yako linatabiri mvua kila siku na mvua haiji. Naandika kwa sababu kwenye simu mama yako huninyang'anya kabla sijamaliza kuuliza umekula nini.

Nimeleta trekta zima la mavi ya kuku kutoka mabanda ya mayai. Nimeyalundika chini ya mwarobaini, nikachanganya na majani ya miwa, nikafunika makuti. Ni ya kishamba chako cha kisimani. Kila asubuhi natia mkono. Ndani moto kama chungu cha wali. Lundo litapoa mwezi wetu wa Adi, unaoanza katikati ya Julai, wakati wa kupanda manjano. Natamani tupande pamoja. Tangu uondoke napanda peke yangu, na kusema kweli nimechoka kuongea na ng'ombe.

Baba yako,
Sengodan

Uholanzi, 6 Machi

Baba mpenzi,

Shikamoo. Kifua kimepona, mwambie mama nilikunywa maji ya pilipili manga kama alivyoagiza. Goti lake linatabiri nini leo?

Umenichekesha na trekta lako. Huku kwenye shamba ninalofanyia kazi, mavi ya kuku ni mzigo. Yanadondokea kwenye mkanda, yanapulizwa hewa mpaka yakauke, yanapimwa, halafu bosi wangu Harmen anamlipa mtu ayachukue. Ndiyo baba, analipa! Nikamwambia kwetu wakulima wanayagombea mpaka kushikana mashati. Akasema, "Ardhi yetu imeshiba, kijana. Ukiongeza, inatapikia mitoni."

Basi lori linayavusha mpaka wa nchi, kwenye udongo wenye njaa. Juzi nilisimama langoni likiondoka na vibali vyake vyote, nikaona wivu. Mtu mzima naonea mavi wivu!

Lakini furahi: nimeomba likizo, Harmen amekubali. Nakuja mwanzoni mwa Juni, wiki tatu.

Mwanao,
Sellamuthu

Namakkal, 20 Aprili

Mwanangu, mboni ya jicho langu,

Mzima wewe? Sisi hatulali kwa furaha.

Juni! Adi itafika umesharudi. Kwa hiyo jana nimelitawanya lundo. Mama yako alisimama kwenye tuta, mikono kiunoni: "Wewe mzee, hilo bado lina moto! Si wewe uliyemsema jirani Kandasami mbele ya watu kwa kosa hilihili? Haraka haraka haina baraka!"

Nikamwambia anyamaze, mwanangu ana wiki tatu tu. Nimetia maji ya kisima, nimepanda manjano. Ukifika utayakuta ya kijani.

Baba yako,
Sengodan

Uholanzi, 30 Mei

Baba,

Shikamoo. Natumaini mko salama. Mimi mwili mzima, moyo hapana.

Homa ya mafua ya ndege imeingia shamba la kuku la jirani. Huku kwetu pia wamefunga shamba, hatoki mtu, likizo zote zimefutwa. Sanduku nilishalifunga, shati nililokununulia liko juu kabisa. Harmen anasema labda mwakani.

Niandikie manjano yamefikia wapi. Nimewakumbuka sana.

Mwanao,
Sellamuthu

Uholanzi, 12 Julai

Baba,

Shikamoo. Hujajibu. Nikipiga simu mama anasema uko shambani, halafu anabadilisha mazungumzo. Umenikasirikia?

Mwanao,
Sellamuthu

Namakkal, 3 Agosti

Mwanangu Sellamuthu,

Kifua vipi? Sisi wazima. Leo ni sikukuu ya Adi, mama yako ameenda na wenzake mtoni kutoa maua. Mimi nimebaki nikuandikie.

Sikukasirika. Niliona aibu. Manjano yako hayapo. Yalichipua, yakakauka ncha, nikang'oa moja nikakuta mizizi imeungua. Kandasami alikuja kuegemea uzio akauliza, "Kaka Sengodan, hii ndiyo mbinu ya Ulaya?" Nilistahili. Miaka yote nawaambia watu mbolea ya kuku haiharakishwi. Safari hii hamu ya kukuona ilinizidi nguvu.

Hata hivyo ungekuja ningekupeleka ukaone kishamba kilichoungua, ungenicheka, na ningefurahi vilevile.

Usigombane na Harmen. Shati litunze. Nimekimwagilia kishamba maji mengi, kinapoa. Na leo asubuhi nimeanza lundo jingine chini ya mwarobaini. Nimetia mkono.

Bado lina moto sana, mwanangu. Una muda.

Baba yako,
Sengodan