Magurudumu Uliyonichagulia, Kaka

Temeke, Dar es Salaam

Kaka Maganga,

Shikamoo. Naianza barua kwa shikamoo kwa sababu mama alitulea hivyo, wala si kwamba moyo wangu unakuamkia. Afya yako siiulizi, najua unakula vizuri. Ya mama pia siiulizi kwako, maana kila mara unaandika "hajambo", na dada ananiandikia kwamba anakohoa mpaka analia, humo jikoni kwenye moshi mnamomlaza. Mie mzima, ila mguu wa kushoto umevimba, na sababu utaisoma humu humu.

Barua yako imenifika. Umeandika, "Tela limeanguka, basi mama haendi popote. Nilijua tangu mwanzo huwezi." Ulijua! Kaka, huna haya. Nani alichagua magurudumu?

Ngoja nikukumbushe. Yule Mzungu mpima ardhi niliyekuwa nikimpikia, alipokuwa anarudi kwao aliniachia tela lake kuukuu alilokuwa akilala porini: chumba cha mbao na bati, kitanda, madirisha mawili, hata kabati la vyombo. Sharti moja tu, nilitoe uani kwake Kurasini kabla hajaja mwingine. Nikasema hiki ndicho chumba cha mama. Kiwanja kidogo ninacho hapa Temeke. Lakini magurudumu yalikuwa yameliwa na kutu, tairi zimepasukapasuka. Mie mpishi, nitajulia wapi habari za ringi na nati? Nikakuuliza wewe, mkubwa wangu, uliyewahi kuosha malori ya misheni na tangu hapo unajiita fundi.

Ukajibu, "Tia ya lori, makubwa. Ukitia mengine mama hatoki kwangu." Hujaliona tela, hujalipima, hujauliza hata lina matundu mangapi ya nati. Amri tu!

Hapa yupo Mzaramo mmoja, Kibwana, muuza vyuma chakavu. Unajua sie Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, hatuonani bila kutukanana. Nilipomtajia magurudumu ya lori akasema, "Wewe mbeba mizigo, haya yatakuua. Matundu yake hayalingani na ekseli yako, tena yatasugua ubavu wa tela. Chukua haya madogo, tairi zake nene, yanakaa sawasawa." Nikamjibu, "Mla nazi, unataka kunibebesha takataka zako!" Akarudia mara ya pili, mara ya tatu. Kila akisema mie nacheka, nikidhani ananitania. Nani amsikilize mtani wakati kaka yake ameshasema? Nikachukua ya lori, nikashinda kutwa nachonga matundu kwa tupa mpaka yakaingia kwa nguvu.

Tulilivuta kwa lori la Mwarabu mwenye duka hapa mtaani. Hata nusu ya njia hatukufika. Nati zikakatika, gurudumu la kushoto likachomoka, tela likalala ubavu. Nilikuwa natembea kando yake, ubao ukanipiga mguu. Ningekuwa hatua moja nyuma, leo ungekuwa unapokea rambirambi. Kitanda cha mama kilivunjika vipande viwili, na watu walisimama wakacheka.

Kibwana alikuja. Hakunitukana hata neno moja, na hapo ndipo nilipoona aibu. Akasema, "Masanja, siku ile sikuwa nakutania." Akaleta yale madogo, tukaliinua watu wanane, akayafunga mwenyewe. Sasa tela lipo kiwanjani kwangu, ubavu nimeuziba kwa bati, kitanda nimekigongelea upya. Mtani amenifanyia undugu, na wewe wa tumbo moja nami umekaa kunicheka kwa barua.

Tena usidhani sijui. Huogopi mama kukosa pa kulala. Unaogopa tumbaku yako kukosa wa kuipalilia. Mama wa umri ule, na kifua kile, yuko kwenye matuta tangu alfajiri, mkeo amekaa kivulini anasukwa! Nimenyamaza miaka mingi kwa heshima. Nimechoka, kaka, na nina hasira nawe.

Nisalimie baba mdogo, mwambie dawa yake ya macho bado naitafuta. Wasalimie wanao, hawana kosa. Mkeo msalimie ukipenda.

Dada usimpelekee salamu. Barua hii nimeitia ndani ya bahasha yake, pamoja na tiketi ya garimoshi, na nimemwomba akukabidhi siku ya mnada wa tumbaku, utakaporudi jioni, gari likishaondoka Tabora. Kwa hiyo usihangaike kwenda jikoni kumwita mama. Nimemwomba dada amwambie jembe akuachie, aliegemeze mlangoni pako ulione.

Ni mie mdogo wako,
Masanja